Siku Tuliyomtafutia Shani Mwenzake

Mbwa wetu Bobi alipokufa kwa homa ya kupe, mbwa mwenzake, Shani, aliacha kula. Walikuwa wamelelewa pamoja kwenye kiwanja chetu cha Utange, wakilala chini ya mwembe mgongo kwa mgongo. Sasa usiku kucha Shani alizunguka ukuta akilia, na mchana alichimba chini ya lango. Mama alimpikia ugali na vichwa vya samaki kutoka soko la Kongowea, chakula ambacho zamani angekimaliza kabla hakijapoa. Alikinusa tu, akaenda zake.

Baba naye alikuwa na wasiwasi wa aina nyingine. Tulifuga mbuzi, na sauti nzito ya Bobi ndiyo iliyokuwa ikiwafukuza wapitao ukutani usiku. Shani ni chotara wa Jamani Shepadi na mbwa wa hapahapa pwani: sikio lake ni kali ajabu, lakini mwili hana. “Safari hii nataka jibwa,” Baba alisema. “Mtu akichungulia tu, arudi alikotoka.”

Maneno yakaanza. Baba alitaka rotwaila. Kaka yangu alimtaka boaboeli, mbwa wa mashamba ya Afrika Kusini, ambaye dume lake likikomaa hupita kilo 60. Kila jioni alikuja na picha mpya kwenye simu, zote za mbwa wenye vichwa kama mitungi. Mimi niliwasikiliza wote, lakini niliyemfikiria ni Shani. Yeye ndiye atakayekula na kulala na huyo mgeni, na hakuna aliyekuwa amemtaja.

Daktari wa mifugo alipokuja kumdunga Shani sindano ya kichaa cha mbwa, nilimweleza yote. Hakuuliza habari ya ukali hata kidogo. Aliuliza Shani ni jike au dume, na kama ameshafungwa uzazi. Ni jike, na amefungwa. “Basi mtafutieni dume,” alisema. Majike mawili yakianza kugombana, alitueleza, uhasama wao huwa mgumu kuzimika. Kisha akageukia habari ya joto la hapa kwetu. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama binadamu. Anajipoza kwa kuhema. Hapa kwetu Mombasa, kaskazi inapovuma na hewa imejaa unyevu, kuhema huko hakumfai sana. Mbwa akiwa mzito, na pua yake fupi, ndivyo anavyotaabika zaidi. Akatutajia rijibeki, mbwa wa kusini mwa Afrika mwenye mstari wa manyoya yanayoota kinyume mgongoni, aliyetumiwa na wawindaji kumzingira simba. Ni mrefu, manyoya yake mafupi, na dume lake ni kama kilo 40. Kaka alikunja uso aliposikia kilo 40.

Mama alikuwa na sharti lake, na kwangu lilikuwa zito kuliko kilo zote zile. Jirani yetu, mzee wa makamo ya babu yangu, hupita langoni petu kila alfajiri akienda msikitini. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi huku kwetu, mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. “Mbwa atakayemrukia mzee wa watu na kanzu yake, simtaki hapa,” Mama alisema. “Alinde ndani ya ukuta. Njia ni ya watu.”

Basi tukasikia kuna familia Mtwapa inayohama, nao wana madume mawili wanayoyatafutia makao mapya: boaboeli na rijibeki. Baba alitaka twende kuangalia tu. Nilimwomba tumchukue Shani. “Mbwa achague mbwa?” aliuliza. Nikamwambia, “Ndiyo, Baba. Wewe hutalala naye bandani.” Alinyamaza kidogo, kisha akamwambia kaka afungue mlango wa nyuma wa pikapu.

Hatukumwingiza Shani uani kwao. Daktari alikuwa ametuonya: wakutane nje, mahali ambapo hakuna anayepahesabu kuwa kwake, kamba zisivutwe, na kwanza watembezwe upande mmoja wakiachiana nafasi. Tukaanza na boaboeli. Alikuwa mzuri, siwezi kumnyima hilo. Kifua kipana, rangi ya asali. Lakini alipomwona Shani alisimama kama mti, mkia juu, akamkazia macho bila kupepesa. Shani alishusha mkia, akaja nyuma ya miguu yangu. Tulizunguka tena na tena, na kila akikaribia, mwili wa dume lile ulikaza. Kwa nyumba isiyo na mbwa mwingine angefaa sana.

Rijibeki, aliyeitwa Jabali, alitoka langoni akainusa ardhi. Hakumtazama Shani usoni. Alitembea sambamba naye ng’ambo ya njia, kisha akajipinda ubavu, akangoja anuswe. Shani alinyoosha shingo. Akamnusa sikio, akamnusa kiuno. Ghafla Jabali akainamisha kifua hadi chini, makalio juu, mkia unapepea, na Shani, ambaye tangu Bobi afe hakuwa amecheza, akaruka pembeni na kumwinamia vilevile. Kamba zetu zikasokotana. Nilikuwa nalia na sikujali nani ananiona.

Kabla ya kukubaliana lolote nilimpapasa Jabali kuanzia shingoni hadi kiunoni, kama nilivyofundishwa, kutafuta kijitundu ambacho baadhi ya rijibeki huzaliwa nacho, kinachoshuka kutoka kwenye ngozi kuelekea uti wa mgongo na kuleta usaha. Ngozi yake ilikuwa safi. Baba alimtazama mwenye mbwa na kusema, “Huyu.” Kaka alimpigapiga boaboeli kichwani, akaingia garini.

Nyumbani tuliwawekea mabakuli mbalimbali, pembe mbili za ua, na chakula cha Jabali tukakigawa mara mbili kwa siku, kwa sababu mbwa wa kifua kirefu akishindiliwa chakula kingi kwa mara moja, tumbo laweza kujaa gesi na kujipinda, akafa kwa saa chache. Shani alimaliza bakuli lake jioni ile ile.

Kulipokucha Baba alikwenda kwa jirani kumwarifu. Mzee alikuja mpaka langoni, akamwangalia Jabali kupitia nondo kwa muda mrefu. Jabali alibweka mara moja, kisha akakaa. “Huyu hana vurugu,” mzee alisema. “Ila adhana ya alfajiri ikilia, mfungieni.” Baba alimkubalia, na mchana huo fundi akaja kulitia banda mlango na komeo.