Kafyu ilipofunga jiko langu la usiku

Tarehe 26 Machi 2020, saa tatu za usiku, niliandika hivi kwenye kundi la WhatsApp la hoteli: "Kuanzia kesho hakuna kazi. Kila mtu aende likizo bila malipo mpaka nitakapowaita. Mungu atusaidie." Watu kumi na mmoja waliusoma. Wawili wakajibu "sawa Mama." Mmoja akatuma uso unaolia. Ami, mpishi wangu mkuu, hakujibu kitu. Alisubiri asubuhi akapiga simu.

"Mwanangu, huo ujumbe ufute," akaniambia. "Nimefanya kazi na marehemu babako miaka kumi na minane, sijapata kuachishwa na simu."

Niliona anajitia ukubwa. Hoteli ni yangu sasa, na kafyu si mimi niliyeiweka. Kwa asiyejua Mombasa, hoteli yetu hailazi mgeni. Ni mahali pa kula, pale Bondeni: asubuhi mahamri na mbaazi, mchana wali, na jioni ndiyo pesa yenyewe, mishikaki na viazi karai mpaka saa sita usiku. Serikali ilipotangaza kwamba kwa sababu ya korona, kuanzia tarehe 27 watu wawe ndani saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, jiko la usiku lilizimika. Nikafanya hesabu ya kodi ya nyumba, deni la nyama na stima, kisha nikaandika ule ujumbe.

Siku zile kila mwenye biashara alikuwa akiuliza sheria mpya inasemaje. Redioni tulisikia kuna nafuu na kuna mabadiliko, nami nikaamini kwamba kwa kuwa ni janga, mwajiri amepewa ruhusa ya kusimamisha watu. Nilimuuliza mpwa wangu, karani katika ofisi ya wakili. Akacheka, kisha akanitumia picha za kurasa za Sheria ya Ajira ya 2007. "Shangazi, kilichobadilika ni kodi. Hii haijaguswa hata nukta."

Na kweli. Bunge lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Kodi, ikaanza kazi tarehe 25 Aprili. Kuhusu mimi na wafanyakazi wangu, sheria ilikuwa ileile ya zamani, ambayo nilikuwa sijawahi kuisoma. Hiyo likizo bila malipo niliyoitangaza kwa kidole gumba haimo mle kama haki ya mwajiri. Kifungu cha 10 kinasema ukitaka kubadili masharti ya kazi ushauriane na mfanyakazi, urekebishe mkataba, umjulishe kwa maandishi. Kifungu cha 28 kinampa siku 21 za kazi za likizo kila mwaka, na hizo ni kwa mshahara kamili. Ikiwa huna kazi ya kumpa kabisa, basi ni kifungu cha 40, kupunguza wafanyakazi, nacho kina gharama zake. Nitakifikia.

Niliufuta ujumbe, nikaita kikao Jumamosi ile.

Tulikaa kila mtu meza yake. Nilileta daftari la mauzo na bili zote, nikazisoma kwa sauti. Hili sikulitoa katika sheria, ni aibu tu iliyonisukuma, lakini ndilo lililofungua mazungumzo. Msichana wa kaunta aliniambia hakujua kwamba nyama tunakopa. Muosha vyombo akauliza kama mimi mwenyewe nitajilipa. Nikamjibu sijilipi. Akatikisa kichwa kwa namna ya kusema, tutaona.

Tulikubaliana kuanza na siku za likizo ambazo watu walikuwa hawajazichukua, kwa mshahara wote. Zikiisha, wale wa mishahara midogo wafanye kazi kwa zamu, wiki mbili kazini na wiki mbili nyumbani. Ami na mhasibu wapate asilimia 70. Muda ni miezi mitatu, na kila mwisho wa mwezi tukae tena tuone. Kila mtu apate barua yake, asaini, abaki na nakala.

Barua za kwanza nilizikosea. Niliandika "mshahara wako umepunguzwa nusu." Afisa wa kazi wa serikali, niliyempelekea kwa simu kabla hazijasainiwa, alinizuia. Kima cha chini cha kibarua wa kawaida katika miji mikubwa, Mombasa ikiwemo, kilikuwa shilingi 13,572.90 kwa mwezi bila marupurupu ya nyumba. Muosha vyombo wangu nikimkata nusu na bado yuko kazini kila siku, nimevunja sheria hata kama amesaini mbele ya kadhi. Akaniambia niandike wazi kwamba siku za kazi ndizo zimepungua, na siku hizo nizitaje. Sentensi moja tu, lakini kama si yeye ningekuwa na barua kumi za kunishtaki mwenyewe kwa mkono wangu.

Nasema kumi kwa sababu mhudumu mmoja kijana alikataa kusaini. Nilikasirika, naungama. Lakini kushauriana kusikoruhusu mtu kukataa ni kushauriana gani? Alichukua malipo ya likizo yake, akajiuzulu, akaenda kwao Kwale kabla ya Mombasa kufungwa tarehe 8 Aprili. Tuliagana vizuri kuliko nilivyostahili.

Sasa ile nafuu ya kodi iliyosifiwa sana. Unafuu wa kila mtu, yaani kiasi anachopunguziwa kwenye kodi yake, ulipanda kutoka shilingi 1,408 kwa mwezi hadi 2,400, na wenye mshahara usiozidi 24,000 wakawa hawalipi PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara. Mtu wangu wa shilingi 20,000 alikuwa akikatwa 947 hivi. Angalikuwa bado anapata 20,000, angezifurahia hizo 947. Lakini nimeshampa zamu, anapata 10,000, na mtu wa 10,000 alikuwa halipi PAYE hata kabla ya korona. Kwa hiyo nafuu ilimpita juu ya kichwa kama ndege. Aliyefaidika kidogo ni Ami. Na VAT, kodi ya ongezeko la thamani, iliposhuka kutoka asilimia 16 hadi 14, sikushusha bei ya wali. Mwenye kunilaumu na anilaumu.

Mei ndiyo ilinipima. Tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, serikali ilifunga Mji wa Kale: hakuna kuingia wala kutoka. Dada wa chapati anaishi huko. Mimi nilikuwa nimeanza kuuza futari ya kubeba, kaimati na mikate ya kumimina, na yeye ndiye mkono wa kazi hiyo. Alinipigia analia, akidhani atahesabiwa mtoro. Sheria inamruhusu mwajiri kumfukuza anayekosa kazini bila ruhusa wala sababu halali, na kizuizi cha polisi, kwa akili yangu, ni sababu halali kuliko zote. Lakini je, nimlipe? Hakuna kifungu kinachozungumzia mtu aliye tayari kufanya kazi na njia imefungwa. Tulimalizia siku zake nne za likizo, halafu nikamlipa zamu yake kama kawaida mpaka njia ilipofunguliwa Juni. Kwa upande wake, alinifundisha kaimati kwa video, nazo ziliungua.

Mhudumu mmoja alipopelekwa karantini siku 14, nilishangaa jinsi kifungu cha 30 kilivyolingana: aliyemaliza miezi miwili kazini ana siku saba za ugonjwa kwa mshahara wote na saba kwa nusu, akileta cheti cha daktari. Hapo sikuhitaji kuuliza mtu.

Miezi mitatu ilipoisha, hesabu ilikuwa bado haifungi. Jiko la usiku lilihitaji watu wawili ambao mchana sina kazi nao: mchoma mishikaki na mhudumu mmoja. Hapo ndipo kifungu cha 40. Barua ni mbili, wala usizichanganye. Ya kwanza ni ya nia: unamwandikia mfanyakazi na afisa wa kazi angalau mwezi mmoja kabla, ukieleza sababu na ni watu wangapi, ili mpate nafasi ya kuzungumza. Ya pili ndiyo ya kuachisha. Na kuchagua nani aondoke kuna vigezo, ukongwe kazini, ujuzi, uwezo na uaminifu. Si nani anakuudhi.

Mchoma mishikaki alikuwa na miaka sita kamili. Malipo ya kuachishwa ni siku 15 kwa kila mwaka, yaani siku 90. Tukabishana siku moja ni shilingi ngapi. Mimi niligawa mshahara wake wa 20,000 kwa 30, nikapata 60,000 jumla. Yeye akagawa kwa 26, siku za kazi, akapata 69,230. Mshahara huo ni ule wa mkataba, si wa zamu, na hapo hatukubishana. Nililala nalo usiku mmoja, nikalipa kwa 26, pamoja na mwezi wa notisi. Niliuza friji kubwa. Tulimaliza mwisho wa Agosti.

Tarehe 28 Septemba rais akatangaza kafyu ianze saa tano usiku. Ningalivuta wiki nne tu! Nilimpigia simu kijana wa mishikaki arudi. Akanicheka kwa adabu: "Mama, nimeshaweka jiko langu Kisauni." Zile 69,230 ndizo zilizonunua jiko, makaa na viti, na wateja wangu wawili watatu nimesikia huvuka daraja la Nyali kumfuata. Sasa nachoma mwenyewe, nikisaidiwa na muosha vyombo, ambaye siku hizi mshahara wake umepanda.

Desemba niliwarudishia wote mishahara yao kamili, kwa barua nyingine, maana nimekuwa mtu wa barua. Ami akarudi kwenye 35,000 zake, akakatwa PAYE shilingi 1,620. Mwisho wa Januari 2021 alikuja kaunta na payslipu mkononi, miwani kwenye ncha ya pua.

"Mwanangu, umenikata tena? Na barua hujanipa."

Nikamwonyesha. Unafuu wa 2,400 umebaki, lakini kuanzia tarehe 1 Januari viwango vya juu vimerudishwa: kinachozidi 24,000 sasa ni asilimia 25, na kikipita 32,333 ni 30. Kodi yake imekuwa 2,823.

"Hawa walishauriana na nani?" akauliza.

"Hawana kifungu cha 10, Ami."

Akaikunja payslipu mara nne, akaitia ndani ya kofia, akarudi kwenye wali wake.