Mpangaji na ofisi ya mtaa

Wanafunzi wanaokuja niwasimamie tasnifu huja na mada nzito: Bunge, Muungano, uchaguzi mkuu, China na Afrika. Nawasikiliza mpaka mwisho, kisha namuuliza kila mmoja: mtendaji wa mtaa unaoishi anaitwa nani? Wengi hawamjui. Basi tunaanzia hapo, maana na mimi kazi yangu yote ya utafiti wa siasa na utawala imezunguka ofisi hizo, na sijaona sababu ya kuzihama.

Ofisi za serikali za mitaa hapa Dar zinafanana sana. Chumba kimoja au viwili, benchi la mbao nje, bendera, picha ya Rais ukutani, mhuri ndani ya droo yenye kufuli. Asubuhi watu wamekaa wanasubiri barua ya utambulisho. Huyu anataka kufungua akaunti benki, yule anakwenda kumwekea dhamana mdogo wake aliyelala polisi, mwingine anahangaikia kitambulisho cha taifa. Kuna mama amekuja kulalamika kuwa jirani kasogeza ukuta. Mwenyekiti amechaguliwa na wakazi, mtendaji ameajiriwa na halmashauri, na pembeni yao yupo mjumbe wa shina, ambaye kisheria ni mtu wa chama lakini watu wanamwendea kama mtu wa serikali. Hilo tumelirithi kutoka kwenye nyumba kumi kumi za TANU za miaka ya 1960, na vyama vingi havikulifuta. Kaa pale mpaka adhuhuri, utakuwa umeona ardhi, polisi, benki, chama na ndoa za watu.

Mtu akiniambia hiyo ni siasa ndogo, namkumbusha serikali za mitaa zimepitia nini. Mwaka 1972 ulipokuja mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri zilivunjwa na kazi zake zikabebwa na maofisa wa serikali kuu. Mijini huduma zilizorota kiasi kwamba mwaka 1978 ilibidi halmashauri za miji zirudishwe kwanza. Zikafuata sheria Na. 7 na Na. 8 za mwaka 1982, ambazo pamoja na marekebisho yake ndizo tunazozitumia mpaka leo, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza kazi upya. Ibara ya 145 na 146 za Katiba zinasema wazi kuwa serikali za mitaa zipo ili madaraka yawe kwa wananchi.

Ila madaraka bila hela hayaendi mbali, na hela ndiyo ninayoifuatilia. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo, ile ya kichwa, ilifutwa. Watu walishangilia na walikuwa na haki, maana wanaume walikuwa wanajificha wakisikia mgambo wanapita. Lakini halmashauri zilipoteza chanzo cha mapato. Ikafika zamu ya kodi ya majengo, ikahamishiwa Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini zikakabidhiwa TARURA, wakala wa serikali kuu wa barabara hizo. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo tunakatwa kwenye LUKU, tukinunua umeme. Kila uamuzi ulikuwa na sababu zake, na kuhusu ukusanyaji nakubali kabisa kwamba LUKU haina longolongo. Ninachokiangalia mimi ni mwananchi: akitaka kuuliza, amuulize nani?

Nilikuwa kwenye mkutano wa mtaa mmoja, wilaya ya Temeke, mvua za masika zikiwa zimekata njia. Akasimama dada mmoja muuza samaki, mtoto mgongoni. Akasema: "Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi nimepanga. Nyumba si yangu, lakini kila mwezi luku inanikata kodi ya nyumba. Mwenye nyumba nikimwambia anipunguzie kwenye kodi yake ya pango, hataki. Sasa hiyo hela inatengeneza njia gani, maana hii hapa haipitiki?" Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti alikuwa mzee mstaarabu, akamjibu kwa upole kwamba kodi haikusanywi na mtaa, wala barabara haiko chini ya mtaa, ila atalifikisha. Hakusema uongo hata kidogo, na dada yule akakaa chini bila jibu.

Tangu siku ile mpangaji ndiye kiini cha utafiti wangu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Zunguka Sinza, Tandale, Mbagala, Vingunguti, uone ni wangapi wamepanga. Kisheria mpangaji ni mkazi: akiwa na miaka 18 anapiga kura ya mtaa, akifikisha 21 anaweza kugombea. Ukija kwenye desturi, mambo ni mengine. Panapojadiliwa taka au ulinzi shirikishi, utasikia "wenye mtaa" wakitafutwa, na hao ni wenye nyumba. Mpangaji anatafutwa wakati wa kukusanya mchango.

Hilo la "wenye mtaa" sikulipata kwenye dodoso. Nililipata siku niliporudi kusoma matokeo yangu kwa Kiswahili mbele ya wakazi walionijibu maswali. Maandiko mengi yanasema watu wa mjini hawana mwamko, ndiyo maana hawahudhurii mikutano. Akina mama lishe wa pale wakanieleza: mkutano unaitishwa Jumamosi asubuhi, wao wako jikoni, tangazo linarushwa kwenye kundi la WhatsApp la wenye nyumba, wapangaji hawamo, na mpangaji akisema sana, mwenye nyumba anaambiwa amwangalie mtu wake. Ni sababu tatu, na hakuna hata moja inayohusu mwamko.

Kwa hiyo nasisitiza kurudi, ingawa kwenye kupandishwa cheo hakuna anayekuuliza kama ulirudi. Toka mhadhiri msaidizi mpaka profesa, kinachohesabiwa ni makala kwenye majarida, mengi ya Kiingereza, mengine yakiuzwa kwa bei ambayo mtendaji wa mtaa hawezi hata kuifikiria. Kazi za ushauri elekezi nazo zinakuja na hadidu za rejea zilizokwishaamua swali, na ripoti inaishia kwa aliyeilipia. Nimezifanya, zimenisomeshea watoto. Lakini mwenye haki ya kwanza ya kuusikia utafiti ni yule aliyeacha shughuli zake akakujibu.

Darasani nawafundisha pia habari ya Tume ya Jaji Nyalali. Rais Mwinyi aliiunda mwaka 1991 iulize wananchi kama wanataka chama kimoja au vingi. Zaidi ya robo tatu walitaka kimoja kiendelee. Anayesoma jumla tu angefunga faili hapo. Tume ilisoma zaidi: wengi wa hao hao walitaka mfumo ubadilishwe, na waliotaka vyama vingi nao walikuwa wananchi wenye haki zao. Ikapendekeza vyama vingi na ikaorodhesha sheria 40 za kuangaliwa upya, na mwaka 1992 vyama vingi vikaruhusiwa kisheria. Kwangu huo ni mfano bora wa kusoma majibu ya watu kwa heshima, na umefanyika hapa hapa kwetu. Mwaka 2018, Sheria ya Takwimu ilipobanwa hadi kutoa takwimu zinazopingana na za serikali kukawa kosa, wenzangu wengi waliingiwa na hofu. Mwaka uliofuata ikalegezwa. Nilishukuru, maana bila uhuru wa kuhesabu na kutofautiana, kazi hii haipo.

Sasa hivi nafuatilia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Vikundi lazima vitambulike mahali vilipo. Ninachotaka kujua ni mpangaji aliyelipa pango la miezi sita, akapandishiwa, akahamia mtaa wa pili, kikundi chake kinambeba vipi, na ofisi anayoihamia inamtambua baada ya muda gani. Kama umepanga Dar na umewahi kuomba mkopo huo, umepata au umekosa, niandikie hapa chini. Jina lako halitatajwa popote. Na kama wewe ni mtendaji au mwenyekiti wa mtaa, nakuomba zaidi, kwa sababu daftari la wakazi liko mezani kwako.