Demon's Souls: gemu iliyokataliwa na wenyewe

Mradi wa Demon's Souls ulikuwa umekwama. Studio ya Kijapani ya FromSoftware walikuwa wakiitengenezea PlayStation 3 kwa kushirikiana na Japan Studio ya Sony, na mambo hayakuwa yakisogea. Hidetaka Miyazaki, aliyetoka kwenye gemu za maroboti za Armored Core, akaomba mwenyewe aishike. Hesabu yake: kitu ambacho wakubwa wamekwisha kukikatia tamaa, ukikiharibu hakuna wa kukulaumu. Akaigeuza apendavyo, na habari ya mchezaji kufa mara kwa mara hakuitilia mkazo mbele ya Sony, maana wangemwambia alegeze.

Kwenye maonyesho ya Tokyo Game Show ya 2008 walioijaribu hawakuipenda. Shuhei Yoshida, mkuu wa studio za Sony wakati huo, aliicheza karibu saa mbili akawa bado yuko mwanzoni kabisa, akaiona takataka. Ikatoka Japani Februari 2009, na Sony hawakuipeleka Marekani. Hapo ndipo walipoteleza, na Yoshida alikuja kulikiri kosa hilo waziwazi. Toleo la Asia lilikuwa na maandishi ya Kiingereza, na diski za PS3 hazikufungiwa eneo, kwa hiyo watu wakaanza kuagiza. Atlus, kampuni ya kuchapisha gemu, wakaona mlango uko wazi, wakaitoa Marekani Oktoba 2009. GameSpot wakaitaja gemu bora ya mwaka. Ulaya walisubiri hadi Juni 2010.

Kilichowachanganya wengi hasa ni mwelekeo wa dunia (World Tendency), yaani jinsi kila moja ya dunia za gemu inavyobadilika kufuatana na unavyocheza, ambao gemu yenyewe inaueleza nusunusu. Ukiua bosi (adui mkuu), dunia hiyo inasogea kuelekea weupe. Ukifa ukiwa na mwili, si ukiwa roho kama unavyobaki baada ya kufa, inasogea kuelekea weusi: maadui wanakuwa wagumu zaidi, ingawa wanatoa roho nyingi zaidi, ambazo ndizo sarafu ya gemu. Yaani anayeshindwa ndiye anayeongezewa mzigo. Ubaya ni kwamba kumuua bosi kunakurudishia mwili, basi kifo kinachofuata kinafuta faida uliyoipata. Dawa ya wazoefu: rudi Nexus (ukumbi wa kati unaounganisha dunia zote), panda juu, jirushe. Kifo cha Nexus hakigusi mwelekeo. Kisha endelea ukiwa roho. Uhai wako wa juu utakuwa nusu, lakini pete ya Cling Ring, inayopatikana mapema tu kwenye ngome ya Boletaria, inaupandisha hadi asilimia 75. Ivae usiivue.

Seva nazo zilikuwa na mkono wao. Ukijiunga mtandaoni, dunia yako ilivutwa kuelekea wastani wa wachezaji wengine, na Atlus walikuwa wakiandaa siku za kuzigeuza dunia zote nyeupe au nyeusi kabisa. Aliyekuwa akitafuta tukio linalotokea tu dunia ikiwa nyeupe kabisa, bila kujua hilo, alihangaika bure.

Wazo la kusaidiana na wasiojulikana Miyazaki alilipata kwenye mlima wenye theluji: magari yalikwama, yakawa yanasukumana kutoka nyuma hadi kileleni, na hakupata nafasi ya kumshukuru aliyemsukuma. Ndiyo maana ujumbe ambao wachezaji wanaachiana sakafuni unaundwa kwa maneno yaliyopangwa tayari, na mtu akiusifu wako, uhai wako unajaa pale pale, hata ukiwa katikati ya pigano la bosi. Seva za PS3 zilizimwa Februari 2018. Toleo jipya la studio ya Bluepoint lilikuja na PS5 mwaka 2020, likiwa na seva zake, lakini lile jiwe la sita lililovunjika pale Nexus, la kuingilia dunia isiyofikika, wameliacha vilevile.