Mama kwa kasi ya mara mbili

Jana nimekaa na rafiki yangu, ukaingia ujumbe wa sauti wa mama yake kwenye WhatsApp. Mama hajamaliza hata kusalimia, kidole kishagusa 2x. Mama wa watu akaanza kuongea mbio kama anakimbizwa, na pale aliposita kabla ya kusema "naendelea hivyo hivyo tu" hapakusikika kitu. Na mimi ndipo nilipotaka kusikia.

Kitufe hicho WhatsApp walikileta 2021. Kwa maelekezo marefu ya kazi kinasaidia, sikatai. Lakini mtu akikueleza anaumwa, habari yenyewe imo kwenye kule kusita, kwenye pumzi anayoshusha. Ukivikimbiza hivyo unabaki na maneno makavu.

Jibu la rafiki yangu? Kikatuni cha machozi juu ya ujumbe (hivi navyo vilikuja 2022). Mama naye akatuma dole gumba. Basi, mazungumzo yameisha, na kila mmoja anahesabu kwamba wamejuliana hali!

Kwa hiyo nawaambia mapema: ukinitumia sauti ya unyonge, nakupigia. Na usinikatie halafu ukaniandikia "niko bize, we andika tu".