Siku ya herufi d darasa la kwanza

Saa 1:00 asubuhi. Nafuta ubao na kuchora mistari kwa rula ndefu kabla watoto hawajaingia. Bila mistari, mtoto hajui herufi inakaa wapi na inapanda hadi wapi.

Saa 2:00. "Shikamoo mwalimu!" "Marahaba, kaeni." Irabu tumezimaliza, leo ni d. Penseli zinabaki mezani. Nawapa mgongo, nanyoosha mkono, tunaiumba hewani pamoja: zunguka kushoto, funga, panda hadi juu, shuka. Nikiwatazama usoni, mkono wangu utawaonyesha kinyume.

Kisha tunatoka nje, kila mmoja na kidole chake mchangani. Hapa ndipo nakaza macho, na sitazami umbo bali njia ya kidole. Kuna d nzuri kabisa iliyoanzia juu kwenye mstari, kama b. Mtoto huyo akianza kuandika haraka, hizo mbili zitamchanganya. Mwenye kuijua a ameshaijua nusu ya d: mzunguko ni uleule, mstari tu umerefuka. Ndiyo maana sifuati a, b, ch, d ya kukariri. B itasubiri mpaka d itulie mkononi.

Saa 3:00, madaftari. Gumba na kidole cha shahada vinashika penseli, cha kati kinaibeba. Napita dawati kwa dawati.

Saa 4:00, uji.

Saa 4:30 ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote. Da, de, di, do, du. Kwa irabu tano na d peke yake tayari tuna dada, dua, dau, dodo! Mtoto anaandika "dada", analisoma, halafu anamgeukia dada yake wa dirishani.

Saa 6:00 bibi mmoja anamfuata mjukuu. "Mwanangu, huu mkono wa kushoto mtamwachia tu?" Namwambia, "Ndiyo bibi, ndio mkono wake." Namwonyesha daftari tulivyolilaza, upande wa juu ukielekea kulia, na jinsi kijana anavyokaa mwisho wa dawati, kushoto, asigongane viwiko na mwenzake. Bibi anaitazama ile mistari ya d kwa muda mrefu. "Anaandika vizuri," anasema.

Saa 8:00 nasahihisha. Palipokosewa naandika d moja safi mwanzoni mwa mstari, na nukta pale penseli inapoanzia. Walioanzia juu kesho nitawarudisha mchangani kwanza.