Mbolea ya ruzuku ifike karibu na shamba

Bei ya mbolea ya ruzuku hapa Kenya imeshuka kweli, na hilo nalishukuru. Mwaka wa 2022 mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia, wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000 madukani. Septemba mwaka huohuo ya ruzuku ikaanza kuuzwa 3,500, na 2023 ikashuka hadi 2,500. Kwa mama yangu, anayelima ekari mbili za mahindi chini ya milima ya Cherangany, kaunti ya Trans Nzoia, hizo ni pesa za sare na vitabu vya wajukuu.

Kinachoniuma ni safari. Serikali hupunguza bei ya mfuko, ila gharama ya kuufuata kwenye ghala la mbali ni ya mkulima. Mwenye ekari hamsini hutuma lori mara moja, na ukigawa nauli kwa mifuko yote, hata haihisi. Mama anahitaji mifuko miwili tu ya kupandia. Akienda kwa boda akaambiwa mzigo haujaingia, nauli imekwisha kuliwa na kazi ya shamba imelala. Ndiyo maana yeye na majirani huchanga wakodi pikapu, na hapo inabidi kila mmoja awe ameshapata ujumbe kwenye simu wa kumruhusu kununua mbolea hiyo.

Ujumbe huo hutokana na usajili ulioanza 2023, kupitia kwa machifu: kitambulisho, nambari ya simu, ukubwa wa shamba. Ni mpango mzuri, maana zamani mbolea ya serikali iliishia kwa wafanyabiashara. Lakini kwetu wengi hulima mashamba ya kukodi. Jirani yetu msimu huu ana ekari tatu, ujao huenda akapata moja, tena upande mwingine wa mto. Rejista inamjua kwa shamba alilokuwa nalo siku aliyoandikishwa.

Halafu kuna wakati. Sisi tuna msimu mmoja wa mahindi: mvua zikianza Machi au Aprili unapanda, Oktoba na Novemba unavuna. Mbolea ya kupandia ikichelewa hadi Mei, mwenye pesa ameshanunua dukani kwa bei ya duka, na asiye nazo amepanda bila.

Mama hupima kwa kifuniko cha soda. Shimo moja, kifuniko kimoja, anafunika kwa udongo kidogo ili mbolea isiunguze mbegu, ndipo anadondosha punje mbili. Anakwenda hivyo mstari baada ya mstari, mgongo umeinama, mpaka ekari zote ziishe. Nilipomwona hivyo ndipo nilipoelewa uzito wa yale ya 2024, ilipobainika kwamba mbolea ghushi ilikuwa imeuzwa ndani ya mpango huu. Wakulima waliahidiwa fidia ya mifuko. Kazi ya mgongo haikuwa kwenye hesabu hiyo.

Ombi langu si kubwa. Vyama vya ushirika vya maziwa viko karibu na watu, vina mizani na vyumba vya kuwekea vitu. Mbolea ishushwe huko mwezi wa Februari, mifuko ikaguliwe kabla haijagawiwa, na chifu apitie orodha upya kila mwaka kwa kuuliza nani analima shamba lipi msimu huu.