Nilivyoandika hadithi mbili za kifantasia kuhusu undugu na kuzituma kwenye antholojia

Wito wa antholojia, yaani kitabu cha mkusanyiko wa hadithi za waandishi mbalimbali, ulikuwa mfupi: hadithi za kifantasia kuhusu familia, zisizozidi maneno 5,000, kila mwandishi akiruhusiwa kutuma mbili, na wahariri wanazisoma bila kuona majina. Nilijua kazi haingekuwa upande wa fantasia. Majoka na pete za ajabu kila mtu anazo. Ugumu ulikuwa kwenye familia, maana mhariri akitangaza mada hiyo hupokea lundo la hadithi za kwamba damu nzito kuliko maji, na nyingi huishia hapohapo. Mimi nilitaka kuandika damu hiyo inamgharimu mtu nini.

Nikajiwekea kipimo. Nikiutoa uchawi, hadithi inasimama? Ikisimama, uchawi ni pambo tu. Na nikiwageuza wahusika kuwa watu baki, uchawi bado unauma? Ukiuma vilevile, basi undugu ndio pambo. Nilitaka viwili hivyo vifungwe fundo moja, ukilegeza kimoja na kingine kifunguke.

Ya kwanza ilinijia kama wazo la mapacha, Kurwa na Doto, waliozaliwa na sauti moja kati yao. Anayeongea leo, mwenzake ni bubu. Sauti huhama wakishikana mikono, lakini haihami mpaka aliye nayo aridhie. Sharti hilo la mwisho ndilo lililonipa hadithi. Bila hilo wangekuwa wananyang'anyana tu, na ugomvi wa kunyang'anyana unaisha upesi kwenye karatasi. Sharti la kuridhia lilimaanisha kwamba kila kukicha mmoja anaomba na mwingine ana uwezo wa kukataa. Mtu aliyelelewa na ndugu nyumba moja anaijua hali hiyo, hata kama kilichokuwa kikiombwa kilikuwa shati au nafasi ya kukaa dirishani.

Nilikuwa na kurasa nzima kuhusu bibi yao na jinsi laana ilivyoingia katika ukoo. Nilizipenda, lakini nikaziweka kando zote. Hadithi ikaanza hivi:

"Doto alinyoosha mkono. Kurwa akaendelea kukunja nguo."

Msomaji hajui kinachoombwa, ila ameshajua kuna anayeomba na kuna anayejifanya haoni. Habari ya sauti inakuja baada ya aya mbili, wakati ambapo msomaji mwenyewe anaitaka. Kwenye hadithi fupi siamini katika kuanza na historia ya ulimwengu mzima. Maneno 5,000 ni machache mno kwa hilo.

Rafiki yangu aliyeisoma akaniuliza swali moja zuri sana: kwa nini wasiandikiane? Ningeweza kuliziba kwa sentensi moja, niseme hawajui kusoma. Nikaona afadhali swali lenyewe lifanye kazi. Nikampofusha mama yao. Wao kwa wao wanaandikiana vizuri tu, lakini mama amelala kitandani, haoni, na anaisikia sauti moja ileile kila siku. Hapo ndipo kiini kilipopatikana: mama anaumwa, hana siku nyingi, na Kurwa ndiye mwenye sauti wiki hiyo. Kumwachia Doto ni kukubali kwamba maneno ya mwisho ambayo mama atayasikia hayatakuwa yake. Ukiwafanya hao majirani, hakuna hadithi. Ukiwapa sauti mbili, hakuna hadithi.

Kutuma nako kunataka umakini wake. Wahariri wengi wa fantasia wanaoandika Kiingereza wanataka muswada upangwe kwa mtindo wa William Shunn, mwandishi ambaye mwongozo wake wa kupanga miswada hutumiwa sana, na hawa wangu walitaka mpangilio huohuo: herufi za ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, kurasa zenye namba, idadi ya maneno ikikadiriwa kwa mamia. Kwa kuwa usomaji ulikuwa wa siri, nilifuta jina langu ukurasa wa kwanza na juu ya kila ukurasa, kisha nikafungua sifa za faili lenyewe, kwa sababu programu ya kuandikia huhifadhi jina la mwenye kompyuta humo bila kukuuliza. Barua ya kusindikizia ilikuwa na mistari michache: jina la hadithi, urefu, na kwamba haijawahi kuchapishwa popote. Sikuwasimulia hadithi ndani ya barua. Yenyewe ipo, waisome.

Nilitazama pia malipo na haki kabla sijatuma. SFWA, chama cha waandishi wa sayansi ya kubuni na fantasia chenye makao Marekani, tangu 2019 kimekuwa kikihesabu senti 8 za Marekani kwa neno kuwa kiwango cha kitaalamu. Antholojia ndogo nyingi hazifiki hapo, na kwangu hilo si tatizo wakisema wazi mapema. Ninachokataa ni kuombwa ada ya kuchapishwa, au mkataba unaochukua haki zote milele. Mkataba wa antholojia hii ulitaka haki ya kuchapisha kwanza, kisha mwaka mmoja wa wao peke yao kuwa nayo, baada ya hapo hadithi inarudi kwangu na ninaweza kuipeleka nitakako. Huo ni utaratibu wa kawaida na wa haki.

Hadithi ya mapacha ikakubaliwa. Mhariri alitaka jambo moja tu kubwa: nifute aya ambamo mama anatambua ni nani anayeongea. Nilibishana naye kwa barua pepe kwa heshima, kwa sababu aya hiyo nilikuwa naiandika tangu mwanzo. Alinijibu kwamba mama akitambua, Kurwa analipwa kwa alichokitoa, na undugu wa hadithi hii una nguvu kwa sababu haulipwi. Nikaifuta. Sasa mama anasema, "Asante, mwanangu," na hakuna ajuaye amemshukuru yupi.

Ya pili, ya baba anayerudi safarini akiwa kijana kuliko mwanawe, ilikataliwa. Waliandika kwamba kinachouma mle ni baba kutokuwepo, na umri wake haukuongeza kitu. Niliisoma upya kwa kipimo changu nikaona wamesema kweli, na bado naipenda sana hadithi ile. Nimemrudishia baba umri wake, uchawi wote nimeutoa, na nimeituma kwenye mkusanyiko mwingine wa hadithi za maisha ya kawaida. Wamethibitisha kuipokea.